Mama Anataka Mtoto wa Frateri Aandikwe Wangu

Admin, jina langu usiliweke. Sumbawanga tunajuana hadi kwa kikohozi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 36, sina mume wala mtoto. Nanunua mahindi na ulezi vijijini, nauza mjini na mpakani Kasesya. Nilianza na madebe mawili ya ulezi kichwani, leo nina stoo yangu. Sikubebwa na mtu.

Tumezaliwa wawili. Mdogo wangu wa kiume alikuwa seminari akisomea upadri, akarudishwa. Ni miaka saba sasa, na nyumbani kwetu Mwazye neno "kurudishwa" halitamkwi. Yuko likizo. Likizo ya miaka saba, hesabuni wenyewe, hiyo ni shule ya msingi nzima, la kwanza mpaka la saba. Mama bado anamwita Frateri, kila Jumamosi anampigia pasi kanzu, na jembe hagusi kwa sababu mikono ile itakuja kushika hostia. Ekari nne za mama nazilimisha mimi. Frateri anabariki chakula, anakula.

Mwezi uliopita binti mmoja wa Msanzi alileta mtoto wa miezi mitano, amefanana na Frateri mpaka masikio. Akamlaza kwenye mkeka wa mama, akaondoka. Nilimpigia simu nikiwa nimejiandaa kwa matusi. Akaniambia, "Dada, mahindi yenu sitaki. Nataka aandikwe ana baba, basi." Nikayameza matusi yangu.

Mama naye alikuwa na mpango wake. Ubatizo ni Jumapili hii, na ameshampa katekista jina la mama wa mtoto: langu. Baba, hakuna. Nilipomuuliza, aliendelea kumbembeleza mtoto, hata macho hakuinua. "Wewe huna mume, nani atakuuliza? Mwenzio ana safari ya altare." Na anajua fika kuna mwalimu wa kutoka Mbeya anayetaka kuleta posa kabla ya mavuno. Nikamgeukia Frateri. Akakunja mikono, akasema tuyaweke katika sala.

Sasa nitukaneni. Barua ya seminari niliisoma mimi, mama haoni maandishi. Iliandikwa asirudi tena. Ndiyo kwanza tulikuwa tumemzika baba, mama amejiziba mdomo kwa kanga ananisubiri, nikasoma kwamba wamempa nafasi apumzike kidogo. Nilidhani ni uongo wa wiki moja. Mwaka uliofuata nikamkalisha mama, nikamweleza ukweli wote. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Barua ni ile uliyonisomea mwanzo."

Jumamosi natakiwa kwenye mafundisho ya wazazi, nisaini. Nikikataa mbele za watu mama ataanguka, na mzizi wa yote ni mimi. Nikikubali, yule binti amefutwa, mtoto hana baba, na mwalimu sijui nitamtazamaje. Msiniandikie "mheshimu mama", hiyo nimeifanya miaka saba. Nataka mtu aniambie kitu kimoja tu: katekista akifungua daftari, nitaje jina la nani?