Fito za Nsimire

Nsimire alitoka Bukavu akaolewa Nyakabuye, ng'ambo ya mpaka, na somo la kwanza alilopewa ukweni ni kwamba maharage ya huku hupanda juu. Kila shina hutaka ufito uliomzidi mtu kimo. Mwenye fito mia tatu nyuma ya nyumba huhesabiwa kuwa ana msimu mkononi. Zake, mia tatu kamili, zilikatwa na mumewe, Nzabonimpa, kabla hajaenda Muganza kuvunja mawe.

Mwaka ule wa 1989 kuni ziliadimika. Mikaratusi ya kilimani iliishia kwenye matanuri ya matofali, na mlinzi wa msitu wa juu alikuwa amekwisha kumnyang'anya Nsimire panga. Majani makavu ya migomba huwaka kwa hasira, kisha hufa; maharage yanataka moto wa saa tatu usiochoka.

Mama mkwe wake, Mukabalisa, hakuwa na jino hata moja. Alitia punje kinywani, akaizungusha, akaitoa.

"Mwana wangu, hii maharagi uliipika ao uliiosha tu?"

"Niliipika, Mama. Kuni ndiyo haikutosha."

"Basi irudishe shambani. Ingali na uwezo wa kuota."

Wakacheka wote wawili, lakini sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Wiki ya tatu bibi alishindwa kusimama bila kushika ukuta.

Ndipo Nsimire alipozitazama fito. Mchwa walikuwa wamezila chini, na kila mtu huku hukata sehemu iliyooza kabla ya kupanda. Akakata kwa mundu, vipande akavitia motoni. Siku hiyo maharage yaliiva, bibi akala akamaliza. Kesho yake akakata tena, shubiri moja juu ya palipooza. Idadi ya fito haikupungua, na hilo ndilo lililomdanganya: kila asubuhi zilikuwa zile zile mia tatu, zimeegemea ukuta.

Jirani yake, Mukankusi, akapita na mtungi.

"Maman, fito zako zinazeeka? Naona zinarudi chini."

"Nakata penye kuoza."

"Na kuoza kumefika kiunoni?"

Nsimire alikusanya vipande. Ndani bibi alikuwa akiuliza kama chungu kimechemka.

Mvua za Septemba zilipokuja alipanda, akasimika alichonacho. Kufikia Novemba mashina yalikuwa yamefika kileleni mwa fito, yakapapasa hewani, yakainama, yakalaliana. Maua yakaanguka kwenye tope, majani yakaoza yangali mabichi.

Nzabonimpa alirudi na vumbi la mawe kwenye nyusi. Alisimama shambani; fito zilimfika mshipini.

"Nani alizikata?"

"Ni mimi."

"Zote?"

"Ncha tu. Mama alikuwa hali chakula."

Hakumgombeza. Alizunguka vilima siku mbili, akarudi na fito kumi na moja zilizopinda. Alizisimika pembeni, akajaribu kuyainua mashina, yakamkatikia mikononi.

Jioni alisema, "Msimu ujao tupande mihogo."

"Mihogo nayo inapikwa," Mukabalisa akasema kutoka kitandani.

Jumatatu Nzabonimpa alirudi Muganza. Nsimire aliingia migombani kuokota majani, yalikuwa yamelowa. Akayatandaza uani, wingu likiwa limetanda tangu bonde la Bugarama mpaka ziwani kwao Bukavu, akaketi kizingitini kuyangoja yakauke.