Amina Niliyoitikia Silibwet

Mama alikuwa amekosa kliniki ya Kericho mara tatu. Miguu yake huvimba, na tangu pikipiki imwangushe kwenye matope hapa kwetu Soin, ameapa hatapanda tena kitu chenye magurudumu mawili. Kukodi teksi nako kunakula pesa ya dawa. Basi nikauza ng'ombe wawili, nikaongezea malipo ya miwa, nikapata laki nne. Niliposikia kuna pikapu kuukuu inauzwa Silibwet kwa laki nne hasa, nilidhani Mungu amenipigia hesabu mwenyewe.

Asubuhi tuliondoka na jirani yangu Nyamweya, fundi wa magari kutoka upande wa Kisii. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa ya kukatisha tamaa.

"Laki nne yote usitoe," aliniambia stendi. "Gari ya zamani unanunua mara mbili. Kwanza unamlipa mwenye gari, halafu unalipa spea."

Nilimwambia aache kuniharibia siku.

Kericho ilitupokea kwa baridi. Sisi wa Soin tumezoea joto. Huku watu walikuwa wamevaa makoti, na wachumaji walishaingia kwenye majani chai na vikapu mgongoni. Tulikunywa chai ya moto, tukashika njia ya Litein. Baada ya Sotik nilianza kuona mahindi na ng'ombe wa maziwa zaidi, lakini kusema kweli sikuangalia sana. Nilikuwa nikimwona mama ameketi mbele, nami napiga honi pale kanisani. Pikapu nilikuwa nimeshainunua kabla ya kuiona.

Adhuhuri tulifika Silibwet. Mwenye gari, Mzee Langat, ni mzee wa kanisa ambaye macho yake hayamruhusu tena kuendesha. Pikapu ilisimama uani, imeoshwa ikang'aa. Hatukuigusa. Mkewe alitukaribisha ndani kwanza, akatumiminia mursik, maziwa yetu ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, na mzee akavua kofia ili aombe.

"Baba, asante kwa hawa wageni wa kutoka Soin. Asante kwa hii gari, imetutumikia. Asante kwa hiyo laki nne wametuletea. Bariki mwenye kutoa na mwenye kupokea."

"Amina!" niliitikia kwa sauti kubwa, kama nilivyolelewa.

Nyamweya alinikanyaga mguu. Ndipo nilipoelewa nilichofanya. Kwetu unaweza kubishana na mfanyabiashara hadi jua litue, lakini huwezi kubishana na ombi ambalo umeliitikia mwenyewe.

Tulipotoka nje, Nyamweya aliingia chini ya gari akakaa huko kitambo. Alipotoka alinivuta kando.

"Injini iko sawa. Lakini breki zimeisha, tairi zote ni za kutupa, shoki za mbele zinavuja. Hiyo ni elfu sabini, kama tuna bahati."

Nilipiga hesabu. Nikitoa laki nne, pikapu itasimama uani kwangu kuku watage ndani yake, na mama atakosa kliniki mara ya nne. Nikajikaza.

"Mzee, labda tuongee kidogo juu ya bei."

"Si tulishaomba?" akaniuliza kwa upole.

Sidhani alikuwa mjanja. Na kama alikuwa mjanja, basi sijakutana na anayemshinda.

Tulirudi ndani kula ugali na mboga. Baada ya chakula mzee alinigeukia. Katika nyumba zetu mgeni ndiye hufunga kwa maombi, na hakuna anayekataa.

"Kijana, tufungie."

Nilisimama. Naapa sikuwa nimepanga lolote.

"Baba, asante kwa chakula. Asante kwa hii gari, Wewe unajua breki yake na tairi zake. Unajua pia mama yangu na miguu yake. Asante kwa laki tatu na elfu thelathini ambayo mzee atapokea, na kwa elfu sabini ambayo itatengeneza gari ndio mama afike kliniki."

Niliogopa kufumbua macho.

"Amina," sauti ya mwanamke ikasema.

Mzee alimgeukia mkewe. "Mama, umeitikia nini?"

"Nimeitikia ukweli. Mimi ndio hukaa hapo mbele. Siku ya mwisho tukishuka kwa mto, wewe ulikuwa unakanyaga breki na mimi nilikuwa natubu."

Mzee alicheka mpaka akapangusa macho. Kisha akavaa kofia yake, akasema "Amina" polepole, akaenda kuleta logibuku, hati ya umiliki wa gari.

Bomet mjini tulibadilisha tairi na breki na shoki, na pesa ikaisha kabisa. Kesho yake tulirudi kwa njia ile ile, na safari hii niliyaona mashamba yote. Nilikuwa na furaha ambayo hata Nyamweya hakuweza kuiharibu. Nimejifunza kwamba bei ya gari kuukuu ni ile inayokuachia pesa ya kulifikisha unakotaka kwenda. Hiyo nyingine ni bei ya kulitazama.

Tulipofika Soin, mama hakuuliza nimetoa ngapi. Alifungua mlango wa mbele, akaketi, akapanga leso yake magotini. Nilimwambia kliniki ni Jumanne, ashuke tule. Akasema chakula chake kiletwe hapo hapo.