Nilimtupia mwimbaji wetu kosa la kinanda changu, akaacha kuamini masikio yake

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Nimekuwa msomaji wa jukwaa hili kwa miaka mingi na mchangiaji wa nadra, mara nyingi kwenye nyuzi za mafundi. Leo naandika jambo langu mwenyewe. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, pamoja na yale ambayo ningependa kuyaruka.

Mimi ni mtu wa Akheri, umri umepita hamsini kidogo. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za fotokopi mjini Arusha. Muziki sikufundishwa na mtu. Nikiwa na miaka thelathini na sita nilinunua kinanda cha mtumba, synthesizer, nikasoma kitabu chake cha maelekezo ukurasa kwa ukurasa, kama ninavyosoma vitabu vya mashine. Nina madaftari manne ya mazoezi, kila wimbo una ukurasa wake.

Bendi yetu ni ya watu watano. Tunapiga kwenye harusi, send-off na kipaimara, kuanzia Ngaramtoni mpaka Usa River.

Kiongozi ni Salim, mpiga drums, mzaliwa wa mjini, mtu wa maneno mengi. Gita anapiga Lomayani wa Ngaramtoni. Yupo na wa besi, ambaye haongei kabisa. Mwimbaji alikuwa Mama Neema, mkulima wa Nkoaranga, mwanakwaya wa Kilutheri tangu akiwa binti.

Wote waliniita Mwalimu. Ni kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha majina ya chords. Nililipenda jina hilo kuliko nilivyowahi kukiri.

Sasa kwa wasiopiga vinanda naomba mnivumilie kidogo, maana bila hili hamtaelewa.

Kila mwimbaji ana kimo chake cha sauti. Wimbo uleule, huyu anauanzia chini na yule anauanzia juu. Mpiga kinanda aliyeiva anahamisha vidole kumfuata mwimbaji. Lakini vinanda vingi vya kisasa vina kifungo kinaitwa transpose. Ukikibonyeza, sauti yote ya kinanda inapanda au inashuka, na vidole vyako vinabaki palepale ulipozoea.

Vidole vyangu vinajua key moja tu, yaani kimo kimoja, C. Miaka kumi na tano, key moja. Nyingine zote nilikuwa napigiwa na kifungo.

Ningekuwa nakitumia wazi kusingekuwa na ubaya. Wengi wanakitumia. Mimi nilikuwa nimeshamwambia Lomayani, mbele ya wenzake, kwamba transpose ni ya wavivu.

Kifungo hicho kina taa ndogo nyekundu inayowaka kikiwa kimewashwa. Nikaibandikia kipande cha tepu nyeusi ya umeme. Waliponiuliza, nilisema ile taa inaniumiza macho.

Basi, tukapata harusi moja hukuhuku kwetu Akheri, mchana, uwanjani kwa bwana mmoja, maturubai mawili. Wimbo wa kwanza aliimba kaka wa bwana harusi, ana sauti ya juu, nikapandisha kifungo kwa nusu toni tatu. Ukaenda vizuri, watu wakapiga vigelegele.

Uliofuata ulikuwa wa Mama Neema. Ni wimbo wa akina mama kuleta zawadi, wanapanga mstari na vitenge vyao na kuja wakicheza taratibu.

Desturi yake Mama Neema ni moja. Anaanzisha peke yake, bila chombo, mistari minne, halafu sisi tunaingia. Haombi noti kwa mtu. Anafungua kinywa tu na anakuwa pale pale, kwenye C. Huo ndio wimbo pekee ambao sikuhitaji kifungo. Kwa hiyo nilipoufikia sikukifikiria kifungo hata kidogo.

Kilikuwa bado kimewashwa. Taa ilikuwa inaniambia, lakini nilikuwa nimeiziba mwenyewe.

Mistari minne ikaisha, tukaingia. Gita na besi wakaingia alipokuwa yeye. Mimi nikaingia juu yao. Mlio uliotoka ni kama sufuria zimeanguka jikoni.

Nilifanya nini? Niliangalia vidole vyangu. Nikaviona viko kwenye C, nikaamini niko sahihi. Nikapaza sauti, "Nifuateni mimi!"

Na wakanifuata, kwa sababu mimi ni Mwalimu. Lomayani akahamisha mkono kwenye gita, wa besi naye. Mama Neema akabaki peke yake chini. Alinitazama mara moja, akajaribu kupanda atufikie. Kiitikio cha ule wimbo kiko juu kwa kawaida yake. Pale tulipokuwa tumekipeleka, sauti ilimkatika.

Mstari wa akina mama ukasimama katikati ya uwanja, vitenge mikononi.

MC akadaka kipaza sauti. "Jamani, dada yetu amepanda Mlima Meru bila koti! Baridi imemkamata kooni!"

Watu walicheka sana. Hata bibi harusi alicheka. Mama Neema naye alitabasamu, kwa heshima ya shughuli, akarudi nyuma na kusimama kando ya spika. MC akaweka muziki wa kwenye kompyuta, akina mama wakamalizia.

Wakati wa chakula wenzangu walikwenda kwenye foleni. Mimi nilibaki, kwa sababu tabia yangu ni kutafuta chanzo cha hitilafu. Nilivaa headphones, nikabonyeza C. Haikuwa C. Nikakwangua tepu kwa kucha.

Taa ilikuwa inawaka, nyekundu.

Wakuu, hapo bado nilikuwa sijakosa kitu kikubwa. Kusahau kifungo ni jambo la kawaida. Ningetembea hatua ishirini hadi kwenye ile foleni na kusema, "Jamani, ilikuwa mimi." Badala yake nilizima kifungo, nikabandika tepu upya, nikaenda kuchukua sahani.

Siku tatu baadaye, Jumatano alasiri, tulikutana nyumbani kwa Salim. Kulikuwa na hoteli moja upande wa Usa River inayotaka bendi ya kudumu ya kila Jumapili mchana. Meneja wake alikuwa mgeni kwenye ile harusi. Alitupenda, ila aliuliza kuhusu mwimbaji.

Mama Neema alikuwepo, amekaa kwenye mkeka karibu na mlango.

Salim hakuzunguka. "Mwalimu, wewe ndiye mwenye sikio hapa. Ilikuwaje juzi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu harusini. Nikasema, "Alianza vizuri, baadaye akapoteza key."

Mama Neema akasema kwa upole, "Mimi nilianzia pale ninapoanzia siku zote, Mwalimu."

Nikamjibu, "Hivyo ndivyo ulivyosikia wewe."

Sijawahi kusema sentensi mbaya kuliko hiyo. Niliisema kwa sauti ya chini, kwa adabu, kama mtu anayemhurumia mwenzake. Hakubisha tena. Alifunga khanga yake vizuri, akasema kama anarudisha bendi nyuma ni afadhali apumzike.

Tulimpata binti mmoja wa mjini, anaimba vizuri, hana kosa lolote. Hoteli ikatuchukua. Mimi nikaendelea na tepu yangu.

Miezi minne ikapita.

Jumapili moja ambayo hoteli haikutuhitaji nilikwenda ibada ya Nkoaranga. Kwaya iliposimama, Mama Neema hakuwemo. Nilimwona kwenye mabenchi ya kawaida, kitabu cha nyimbo kimefungwa mapajani. Usharika mzima ukaimba, yeye midomo haikufunguka.

Nje, watu wakinadi ndizi na maparachichi ya sadaka, nilimuuliza mama mmoja wa kwaya kulikoni.

"Ameacha," akaniambia. "Anasema masikio yake hayasikii muziki sawasawa, ataharibu kwaya. Amekwenda hata hospitali."

Nilirudi nyumbani nikafungua simu. Mimi hurekodi kila zoezi. Nilikuwa na rekodi kumi na moja za ule wimbo, na video ya harusi aliyonitumia mtu. Nikapima mwanzo wa kila moja kwa app ya kupimia sauti za gita. Zote kumi na mbili alianzia mahali pamoja. Miaka yote nilidhani anabahatisha. Yule mama ndiye aliyekuwa na sikio kwenye bendi yetu.

Nilikuwa sihitaji kipimo hicho. Nilikuwa najua tayari. Nadhani nilikuwa natafuta la kufanya ili nisipande ule mlima wa kwenda kwake Nkoaranga.

Kesho yake nilipanda. Nilimkuta uani kwake, anachambua kahawa kwenye kichanja.

"Shikamoo, Mwalimu."

Nikaitikia. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama, kifungo, taa, tepu. Mikono yake iliendelea kuchambua.

"Ulijua lini?"

"Siku ileile. Kabla ya chakula."

Mikono ikasimama. "Kabla ya chakula. Kwa hiyo Jumatano, kwa Salim, ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Mimi nimepimwa masikio, Mwalimu. Daktari akaniambia ni mazima. Nikateremka nalia njia nzima. Maana kama masikio ni mazima, basi kilichoharibika ni kichwa. Mama yangu alianza kusahau watu akiwa na umri wangu huu. Miezi minne nilikuwa nahesabu, leo nimesahau nini, jana nilisahau nini. Uliwahi kufikiri hilo?"

Nikasema hapana. Sikuwahi.

Nikaanza kuomba msamaha, akaninyanyulia mkono. "Usiniombe hapa kwenye kahawa, tuko wawili. Ulinisema mbele ya watu."

Jumatano iliyofuata niliomba kikao kwa Salim. Nilibeba kinanda, nikakiweka mezani, nikabandua tepu mbele yao na kueleza. Nilisema hata lile la Lomayani na uvivu.

Halafu Lomayani akaanza kucheka, akajizuia. "Samahani, Mwalimu. Kifungo tunakijua siku zote. Sisi tunahama nyuzi, wewe vidole vyako haviendi popote. Tulikuwa tunakustahi tu."

Salim hakucheka.

"Yaani ulimtoa mwenzetu," akasema, "kwa ajili ya siri ambayo hata mpishi wa harusi anaijua?"

Yule wa besi, asiyeongea, akainuka akatoka nje. Hilo liliniuma kuliko maneno ya Salim.

Jumamosi nikaenda kwenye mazoezi ya kwaya ya Nkoaranga. Mwalimu wa kwaya alinipa dakika tano. Watu kama ishirini, wengi wananijua tangu utoto. Nikasimama, nikasema kosa lilikuwa langu, nikasema nilijua, nikasema nilidanganya. Mzee mmoja mwimbaji wa sauti ya besi akauliza, "Na umekuja mwenyewe au umetumwa?" Nikamjibu ukweli, kwamba nimekuja mwenyewe lakini baada ya kuambiwa. Akasema, "Afadhali umesema."

Salim alikwenda kumwomba Mama Neema arudi kwenye bendi. Alikataa. Alisema yule binti hana kosa na hataki kumtoa mtu kama yeye alivyotolewa. Kwenye kwaya amerudi.

Wapo watakaosema basi, mambo yameisha vizuri. Ningependa iwe hivyo, ila niliahidi kusema yote.

Jumapili iliyopita nilikwenda ibada ya asubuhi, kabla ya zamu ya hoteli, nikakaa mahali ninapoweza kumwona. Zamani yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha, wenzake wanamdaka. Sasa nilimwona anamtazama mwenzake wa kulia. Yule anafungua kinywa kwanza, ndipo naye anafungua. Kila ubeti. Anachelewa kidogo sana, mtu asiyejua hawezi kugundua. Mimi niligundua.

Mimi sasa najifunza key ya D. Napiga kama mtoto, hata hotelini, na mara mbili nimekosea mbele ya wageni. Wanageuka kutazama, nainamisha kichwa na kuendelea. Hilo halimsaidii yeye kwa lolote, nalijua.

Nilichojifunza: kosa lenyewe lilichukua dakika tatu na lingesahaulika. Kilichoharibu ni kwamba niliaminiwa, nikaitumia imani hiyo kumwambia mtu kwamba alichosikia sicho. Ukiitwa mwalimu, neno lako linaingia ndani ya mtu na kukaa, hata likiwa la uongo. Na ukweli ukifika baadaye, unakuta nafasi imeshachukuliwa.

Wenye kunisema nisemeni, sitajibu kwa ubishi. Lakini kama kuna yeyote humu amewahi kumfanya mtu asiyaamini masikio yake au macho yake mwenyewe, halafu akataka kumrudishia, naomba aniambie alifanyaje. Kusema ukweli nimeshasema, kila mahali nilipotakiwa kusema. Bado anasubiri mwenzake aanze.