Sekunde Tisa za Getini

Saa nne asubuhi, mwanamke anafoka: "Uza! Uza zote kabla hawajashtuka!" Kisha anajijibu kwa sauti nyembamba ya kijana, "Sawa, bosi," na kubonyeza kitufe.

Sauti zote hizo ni zake; kazi hii huifanya peke yake, chumbani. Magodoro kuukuu yameegemezwa ukutani, dirisha limezibwa kwa blanketi, feni imezimwa ili isinaswe kwenye maikrofoni. Jasho linamtiririka. Wateja wa duka la filamu humwita Sauti Kumi, maana yeye ndiye anayezitia Kiswahili filamu za kigeni, wahusika wote, wake kwa waume. Filamu moja humchukua siku nne na kumlipa nusu ya kodi ya chumba hiki.

"Mchana kutwa nagombana na mabilionea," anasema, akicheka kidogo. "Jioni hata wa kuniambia pole sina."

Filamu ya wiki hii inahusu vijana wa suti wanaonunua viwanda. Hawaviendeshi. Wanavivunja, wanauza mashine huku, ardhi kule, kisha wanagonganisha glasi. Wafanyakazi wanaonekana kwa sekunde tisa tu, wakitoka getini kimyakimya.

Hapo ndipo alipoisimamisha picha. Yeye mwenyewe alihudumia mashine ya kusokota nyuzi kwa miaka kumi na mmoja.

"Tuliambiwa mwekezaji anakuja. Geti tukalipaka rangi sisi wenyewe, bure, siku ya mapumziko. Baada ya miezi mitatu tukafungiwa nje ya geti hilohilo."

Anafuta jasho kwa ncha ya khanga.

"Miaka sita nimeamini tulizembea. Kumbe oda zilikuwepo, na faida ilikuwepo. Ila kiwanda kilikuwa na bei nzuri zaidi kikiwa vipande. Hakuna aliyenieleza. Nimeyajua kwa kumsemea mtu kama yule aliyetuuza."

Basi wale wa getini akawapa maneno: "Tulikosea wapi? Tuambieni tulikosea wapi!"

Mwenye duka anaingia, anavaa spika za masikioni, anasikiliza. Anakunja uso.

"Dada yangu, hawa kwenye filamu hawasemi kitu."

"Hawakuulizwa, kaka."

"Halafu watu mia tatu, wote wewe! Umati gani huo wenye sauti moja ya mafua?"

Hata Sauti Kumi mwenyewe anacheka. Mwenye duka hacheki.

"Niletee sauti za watu kufikia Jumamosi. La sivyo nafuta, na filamu ijayo nampa mwingine."

Akishaondoka, Sauti Kumi anafungua simu na kutafuta namba ya mwanamke aliyehudumia mashine ya jirani. Hajawahi kuipiga tangu kiwanda kifungwe.

"Ni aibu tu. Nilidhani ananilaumu. Pengine naye kadhani namlaumu."

Hajui kama namba bado inapatikana. Akimpata, atamwomba awakusanye wenzao wawe japo watano. Sauti zao atazirudufu hadi ziwe umati.

"Lakini habari za filamu zitasubiri," anasema, kidole kikiwa juu ya kitufe cha kupigia. "Kwanza nitamwambia: mwenzangu, hatukukosea."