Fundi rangi anayepika chai kwa pua ya mkewe

Saa kumi na moja alfajiri mtaa mzima bado umelala fofofo, lakini jikoni kwa Fundi Rangi kuna ubishi.

"Toa," anasema mkewe.

"Bado hazijapasuka."

"Toa, baba watoto. Zinaanza kuungua."

Anatoa. Iliki zinamiminwa kwenye sinia, na kikaango kinatua kwenye sakafu ya saruji. Mke ameketi kwenye kiti cha mbao kati ya jiko la mkaa na mlango, mkono wake wa kulia umelala mapajani. Anavuta pumzi ndefu kwa pua, macho ameyafumba, kisha anaitikia kwa kichwa.

"Leo kanishinda," anasema Fundi Rangi akicheka na mwandishi wa makala haya. "Jana nilikuwa sahihi mimi. Muulize mwenyewe."

Mke ananyoosha kidole cha mkono wa kushoto kwenye bakuli la karafuu, maana yake kazi iendelee na porojo zingoje.

Wanandoa hawa wanatengeneza chai ya maziwa yenye viungo, hapa hapa nyumbani. Viungo wanavikaanga wenyewe, wanavitwanga wenyewe na kuvichekecha wenyewe. Kila asubuhi chupa sita za chai zinakwenda kwenye karakana ya ushonaji iliyo mtaa wa pili, ambako mafundi wasiopungua arobaini wanazisubiri. Chai hiyo ndiyo inayolipa kodi ya nyumba na nauli ya kwenda kliniki.

Ukimwona Fundi Rangi na mchi wake leo utadhani kazaliwa nao. Wapi. Miaka ishirini na kitu alikuwa juu ya ngazi, anapaka nyumba za watu rangi. Anapopita mtaani bado hawezi kujizuia. Akiona ukuta uliopakwa ovyo anasimama na kuguna, na mkewe akiwapo humvuta shati.

Rangi ilimpa jina, ikamnyang'anya pua. Petroli ya kusafishia brashi na harufu ya vyumba vilivyofungwa vilimmaliza kidogo kidogo, mpaka siku moja mafuta ya taa yalimwagika nyuma yake na hakujua mpaka alipoyaona. Kifua nacho kikaanza kulalamika. Daktari akamwambia ashuke ngazi na asipande tena.

Aliposhuka, mkewe ndiye aliyeishika nyumba, kwa kuuza chai. Mafundi wa karakana walimwita Mama Iliki, na hakuna aliyeuliza jina lake jingine. Chai yake ilikuwa na sifa moja ambayo mafundi wanaieleza kwa namna tofauti lakini wanakusudia kitu kile kile: ukiinywa, mabega yanashuka.

Je, alikuwa anapima vipi? Swali hili linamchekesha mpaka leo.

"Kipimo sina," anasema. Ulimi wake umerudi, ingawa maneno bado yanatoka taratibu, moja baada ya jingine. "Nina pua."

Mwaka jana, asubuhi moja kama hizi, kijiko kilimponyoka mkononi. Akainama kukiokota, mkono ukakataa. Alipotaka kumwita mumewe, kinywa nacho kikakataa. Kiharusi. Alikaa hospitali wiki nyingi, na aliporudi nyumbani upande wake wa kulia ulikuwa mzito, na maneno yake ya siku nzima yangeweza kuhesabika.

Karakana iliwangoja. Msimamizi wao, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi, aliwaambia mafundi wavumilie kidogo, Mama Iliki ni mtu wao. Lakini hakuna anayeweza kungoja chai milele, na Fundi Rangi alilijua hilo. Akapiga moyo konde. Chai ataipika yeye.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo fundi rangi peke yake angeweza kulifanya.

Katika kopo la mkewe kulikuwa kumebaki kijiko kimoja cha viungo vilivyosagwa. Hakutaka kumsumbua mgonjwa kwa maswali. Akakimimina kile kijiko juu ya karatasi nyeupe dirishani, penye mwanga, jinsi alivyozoea kufanya mwenye nyumba akimpa kipande cha ukuta na kumwambia, "Nataka rangi hii hii." Kisha akaanza kuchanganya. Mdalasini, ikawa nyekundu mno. Pilipili manga, ikakolea. Tangawizi kavu kidogo ya kuipoza. Iliki akaziweka chache tu, kwa sababu kila akiziongeza mchanganyiko ulikuwa unapauka.

"Ilinichukua asubuhi nzima," anasimulia. "Nilipomaliza niliweka vya mama upande huu na vyangu upande huu. Ungeniambia nikuonyeshe vipi ni vipi, nisingeweza. Nikasema, fundi ni fundi tu."

Kichwa kilivimba. Viungo vyote alikuwa amevikaanga kwenye kikaango kimoja kwa mara moja, hivyo karafuu ziliungua mdalasini ukiwa bado unajinyoosha. Pua yake haikumwambia lolote. Ulimi nao, bila pua, ulimwambia tu kwamba chai ni ya moto na ina sukari.

Mafundi wa karakana ni watu wenye adabu. Siku ya kwanza walikunywa na kumwambia ahsante. Siku ya pili walikunywa nusu. Siku ya tatu kijana wa mashine za vifungo alimwambia kwa upole kwamba chai ya leo inamwasha masikio. Chupa zikaanza kurudi na chai yake, na Fundi Rangi akaanza kuimwaga nyuma ya nyumba kabla ya kuingia ndani.

"Imeisha?" mkewe alikuwa akimuuliza, kwa neno hilo hilo moja.

"Yote," alikuwa akimjibu.

Anaposimulia sehemu hii anainamisha macho. "Sikuwa namdanganya kwa ubaya. Yule mtu alikuwa amepoteza mkono, amepoteza maneno. Ningemwambiaje kwamba na chai yake nimeipoteza mimi?"

Ijumaa msimamizi alimwita kando. "Mzee wangu, nakuheshimu," alimwambia. "Lakini watu hawanywi. Kuna mama mwingine ameomba nafasi hiyo. Nakupa mpaka Jumatatu."

Alirudi nyumbani. Siku hiyo hata kumwaga alisahau. Alizitua chupa jikoni akaenda kukaa uani, akautazama ukuta wa jirani bila hata kuona kwamba umepakwa vibaya.

Mkewe alikuwa anajizoeza kuosha vyombo kwa mkono wa kushoto. Akanyanyua chupa ya kwanza. Ilikuwa imejaa. Ya pili hivyo hivyo. Akaketi, akajimiminia kikombe, akanywa.

Fundi Rangi alisikia sauti ambayo hakuwa ameisikia tangu hospitali. Aliingia mbio akidhani kaanguka. Mkewe alikuwa anacheka. Anacheka kwa upande mmoja wa mdomo, machozi yanamtoka.

"Baba watoto," alimwambia, na sentensi ile ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote tangu augue. "Umechanganya rangi. Hukuchanganya viungo."

"Nililia," anasema Fundi Rangi, waziwazi, mbele ya mkewe na mbele ya mgeni. "Hospitali sikulia. Nilijikaza kisabuni siku zote zile. Nikaja kulia kwa chai."

Mkewe alimwacha alie. Kisha akasema maneno mawili: "Kiti. Jikoni."

Jumamosi na Jumapili wawili hao hawakutoka jikoni. Mume alishika kikaango, mke akashika pua. Kila kiungo kilikaangwa peke yake, kwa moto mdogo: mdalasini taratibu, iliki mpaka ganda lianze kufunguka, karafuu dakika chache tu. Kungumanga haikuguswa na moto kabisa. Ilikwanguliwa mbichi, mwishoni. Alipokosea, mkewe alisukuma sinia kwa kidole, na kazi ikaanza upya.

"Alikuwa mkali kuliko mwenye nyumba yeyote niliyewahi kumpakia," anasema mume.

"Alikuwa mbishi," anasema mke.

Jambo moja Mama Iliki hakulitarajia. Kufikia Jumapili mchana mumewe alianza kutoa kikaango kabla hajaambiwa. Alikuwa amegundua kwamba iliki hulia kidogo zinapoiva, na kwamba karafuu hunona na kung'aa kabla ya kuharibika. Harufu hakuipata. Lakini jicho lililozoea kutofautisha nyeupe kumi liliona mdalasini ukigeuka kabla hata ya pua ya mkewe kuhisi. Hapo ndipo ubishi wa kila alfajiri ulipoanza.

Jumatatu Fundi Rangi alizipeleka chupa, na hakuondoka. Alisimama mlangoni pa karakana. Msimamizi alijimiminia, akanywa akiwa amesimama. Akanywa tena.

"Mama amerudi?" aliuliza.

"Amerudi jikoni," alijibu Fundi Rangi. "Mikono ni yangu."

Msimamizi aliugeukia ukumbi, akawaambia mafundi wasimamishe mashine, chai imefika. Habari ya yule mama mwingine haikuzungumzwa tena.

Leo wanandoa hawa wameanza kupewa oda na karakana nyingine. Majirani nao wanagonga mlango kuulizia viungo vya kupeleka majumbani kwao, na wanaondoka na vifuko vidogo vilivyofungwa vizuri. Binti yao aliyeolewa mbali anapopiga simu huulizia kwanza chai, halafu ndipo afya za wazazi.

Mtaalamu wa mazoezi alimpa Mama Iliki mpira mdogo wa kuminya kwa mkono wa kulia. Ameuweka rafuni. Anachofanya yeye ni kuushika mchi, kila siku baada ya kazi kuisha. Majuma ya kwanza vidole havikufunga. Sasa vinafunga, na mchi unanyanyuka kiasi cha kuacha nafasi ya kidole kimoja chini yake, kabla ya kurudi kinuni.

Asubuhi hii ameunyanyua mara tatu mfululizo. Anapumzika, jasho likimtoka, uso umechangamka. Ndipo anaposema jambo ambalo, kwa jinsi anavyolisema, inaonekana amekaa nalo moyoni muda mrefu.

"Nikiweza kutwanga mwenyewe, utapumzika, baba watoto. Najua hii si kazi yako. Uliishika kwa ajili yangu tu."

Fundi Rangi anachekecha viungo vya kesho.

"Nani kakwambia nataka kupumzika?" anauliza.

Mkewe anamtazama. Anaona vumbi la viungo kwenye nyusi zake, anaona jinsi alivyoliinamia lile chekeche. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii, hana ubishi.

"Basi," anasema taratibu, neno moja baada ya jingine, "itabidi tununue kinu cha pili."