Posti Nilizong'oa Kitisuru

Hii aibu nimekaa nayo miaka mingi, na hata leo nikipita Kitisuru naangalia upande ule mwingine wa barabara, lakini kwa vile mmenishikilia niseme, wacha niseme yote, mkicheka chekeni, mimi siku hiyo sikucheka.

Nilikuwa msichana, injinia mdogo wa saiti, miaka ile ya elfu mbili na kitu, simu ya kukunja kiunoni na helmeti nyeupe ambayo nilikuwa navaa hata nikienda kununua maziwa (msiniulize). Tulikuwa tunamjengea Mama Njeri, mjane na mwalimu mstaafu, nyumba ya ghorofa moja, na bosi wangu, Bwana Mutiso, akanituma hoteli fulani Westlands kwa semina ya siku mbili juu ya kitu kinaitwa lean, yaani kujenga bila kupoteza chochote, si muda, si vifaa, si nguvu za watu. Nilirudi kama mtu aliyeokoka. Kitu chochote kilichosimama bila kazi nilikiona dhambi. Nikajaza ukuta wa ofisi yetu ya mabati na vikaratasi vya rangi, kila kimoja na kazi yake na siku yake, na hapo ndipo nilianza kuharibu, kwa sababu tulifundishwa kwamba fundi mwenyewe ndiye anaandika ahadi yake, lakini mimi niliona mafundi watanichelewesha tu, nikawaandikia.

Sasa, slabu ya ghorofa, ile sakafu ya konkriti ya juu, ilikuwa na siku kumi na moja tangu tuimwage, na chini yake kulikuwa na posti, zile nguzo za miti zinazoishikilia mpaka konkriti ikomae. Mchoro ulisema posti zikae siku ishirini na moja. Huko nyuma ya kiwanja kuna nyumba ndogo ya wageni ilikuwa inangoja posti hizo hizo. Nikazitazama zimejipanga pale zimetulia, nikajiambia, si huu ndio upotevu wenyewe?

"Fundi Barasa," nikamwambia foromani wetu, "ng'oa moja, acha moja. Zipelekwe nyuma."

Barasa alikuwa mtu wa Kakamega, mpole, mwenye kuongea polepole. Akakuna kidevu. "Injinia, bado. Konkriti haisomi karatasi."

"Dunia imebadilika, Fundi."

"Basi tungoje Bwana Mutiso arudi kutoka Mombasa."

Kungoja! Baada ya semina yote ile? Nikamwambia hiyo ni amri, na Ijumaa mchana posti zikang'olewa, slabu ikabaki pale juu haijasogea hata kidogo, nikamtazama Barasa kwa jicho la unaona sasa.

Jumamosi Mama Njeri akaja na watu wa kanisa lake kuombea nyumba. Nilikuwa nimemwambia kwa simu waje tu, nikidhani wataomba huku chini uani kama watu wa kawaida, lakini nilipotoka ofisini nikakuta wamepanda wote juu ya slabu, kina mama karibu thelathini, pasta, na mama mzazi wa Mama Njeri, shosho mwenye mkongojo ambaye walimwinua karibu wambebe. Ningesema washuke. Nikaona aibu, nitaanzaje? Nikajiambia watasimama tu.

Hawakusimama tu. Walianza kuimba, na mnajua kina mama wakiimba miguu haitulii.

Niliingia chini ya slabu kuangalia. Kwanza vumbi likanidondokea mkononi, laini kama unga. Halafu nikasikia tak, sauti ndogo tu, kama mtu amevunja kijiti, na nilipoinua macho nikaona mstari kwenye konkriti pale sebule itakapokuwa, na posti moja chini yake imepinda. Nikafungua mdomo nipige kelele, mkono wa Barasa, aliyekuwa amenifuata, ukaniziba.

"Ukipiga kelele watakimbia," akaninong'oneza. "Wakikimbia, slabu imeenda. Panda, uwashushe taratibu."

Kupanda! Ngazi haikuwa imejengwa bado, kulikuwa na njia ya mbao ya kupitisha mikokoteni, ya mtu mmoja mmoja, nikaipanda, na kila hatua nilikuwa nafikiria uzito wangu. Pasta alikuwa ameanza kuomba, macho yamefungwa. Nikamkatiza. Nikatabasamu (sijui lile tabasamu lilifananaje) nikasema, "Samahani wapendwa, chai iko tayari getini. Tushukeni pole pole, mmoja mmoja, tusikanyage kwa nguvu, rangi… rangi bado."

Hakukuwa na chai. Hakukuwa na rangi.

"Chai kabla ya amina?" mama mmoja akauliza, lakini akaanza kushuka, na wengine nyuma yake, na mimi nikahesabu vichwa kimoyomoyo nikiomba kuliko pasta. Mpaka akabaki shosho peke yake, katikati kabisa, juu ya ule mstari, mkono kwenye mkongojo.

"Shosho, twende."

"Maombi hayajaisha, msichana."

Basi nikasimama naye. Ningefanya nini, nimburute? Akanishika mkono akaomba kwa utaratibu, akataja watoto wake wote kwa majina, na wajukuu, halafu akasema, "Na umbariki huyu aliyetujengea mahali imara." Chini yetu nikasikia tena tak. Sijawahi kusikia amina tamu kama ile.

Getini watu wote walikuwa wamesimama. "Chai iko wapi?" Mama Njeri akauliza, na sauti ilinitoka yenyewe, mbele ya pasta na mafundi na majirani waliokuja kuchungulia, nikasema hakuna chai, slabu inapasuka, na ni mimi niliyeng'oa posti.

Mama Njeri hakupiga kelele. Alisema tu, "Mama yangu alikuwa pale juu."

Barasa hakutaka kutuma kibarua yeyote chini. "Wewe na mimi," akaniambia, na tukaingia tukirudisha posti, yeye akipigilia, mimi nikishika, mpaka ya mwisho ikakaza.

Haikuanguka. Lakini kipande cha slabu juu ya sebule kilikuwa kimeshuka, na tukakivunja kwa nyundo wiki nzima, Mama Njeri akija kila asubuhi kukaa kwenye kiti akitazama. Bwana Mutiso hakunifuta kazi. Alinisimamisha mbele ya mafundi wote nisimulie nilichofanya, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Tulipomwaga upya nikamuuliza Barasa, "Unahitaji siku ngapi?" Alizunguka kiwanja chote akigusa hii, akipima ile, na mimi nimesimama juani nimefunga mdomo, na nimeapa mpaka nitakapostaafu, swali hilo nikiuliza, sitalijibu mwenyewe.