Sura Waliyotaka Niiruke

Mwaka 2015 nilikuwa nafundisha historia kidato cha nne, Kasulu, karibu na mpaka wa Burundi, na mkuu wangu wa shule alitaka niruke sura moja tu. Sura yenyewe ilihusu siasa ya nje ya nchi yetu baada ya uhuru: ujirani mwema, kuwasaidia waliokuwa bado wanapigania uhuru wao, kupokea wakimbizi. Wakati huo mabasi yaliyojaa watu waliokimbia Burundi yalipita mbele ya shule kwenda kambi ya Nyarugusu, na wanafunzi waliyatazama kupitia madirisha. Darasani mwangu walikuwamo watoto wa Warundi waliopewa uraia. Mkuu aliogopa ugomvi.

"Funika kombe mwanaharamu apite, madam," aliniambia ofisini.

Nikamjibu kuwa ndani ya kombe hilo wamo wanafunzi wangu, kwa hiyo silifuniki. Akanikumbusha, kwa upole wa mtu mwenye mhuri, kwamba shule za mwambao wa ziwa zina upungufu wa walimu na uhamisho haukawii. Nikasema nasikia huko samaki, hasa migebuka, ni bei rahisi. Niliogopa, sitaki kudanganya, lakini hasira ilizidi woga.

Kilichomkera zaidi ni namna nilivyofundisha. Wenzangu walijaza ubao notisi, wanafunzi wakanakili mpaka vidole vikafa ganzi. Mimi niliwagawa katika makundi, kila kundi kitabu kimoja. Mmoja anasoma aya kwa sauti, kwa Kiingereza kama ilivyoandikwa, kisha wanaibishania kwa Kiswahili, na mambo yakipamba moto Kiha, lugha ya nyumbani, kinaingia bila hodi. Nilikuwa na sheria moja: kabla hujatetea msimamo wako, tetea kwanza wa mpinzani wako, tena mpaka yeye mwenyewe akiri kuwa umemtendea haki. Ukishindwa, bado hujasoma. Mkuu aliuita utaratibu huo mchezo wa kuigiza. Niliendelea nao.

Siku ya sura hiyo alikuja mwenyewe akakaa dawati la nyuma, mikono kifuani. Sikubadilisha kitu.

Katika kundi lililokuwa karibu naye alikuwamo mtoto wa muuza vitambaa wa mjini, kijana msemaji, aliyekuwa ametangaza wiki nzima kwamba nchi ilikosea kufungua mlango. Aliketi pamoja na binti mmoja kutoka kijiji cha Kitanga. Babu yake binti huyo alivuka mpaka akikimbia Burundi, baba yake akapata uraia, na wote walikuwa wakulima. Binti mwenyewe alisema kwa nadra. Kwa sheria yangu, kijana alipaswa kutetea kupokea wakimbizi, na binti kutetea kufunga mpaka.

Kijana alisoma aya ya ujirani mwema, akaitetea kama mtu anayemeza klorokwini. Alipofika sentensi ya pili akakuna kichwa, akaketi.

Binti alisimama bila kitabu. Alisema ardhi si mpira, haivutiki. Alisema misitu imekwisha kwa kuni za wakimbizi, na mahindi yakiibwa shambani kila mtu anajua aliyeiba. Wanapewa chakula bure, kinachobaki wanakiuza sokoni. Ukiwapa uraia leo, kesho watataka kiti chako. Aliyasema polepole, bila chuki, wala hakutafuta neno hata moja. Kijana alikuwa anatazama kucha zake. Nilitamani kumkatisha, lakini sheria ilikuwa yangu na nilimwacha amalize.

Nikamuuliza kijana kama ametendewa haki. Akaitikia kwa kichwa.

Hapo ndipo mkuu alipozungumza. Alitaka kujua ni nani aliyemfundisha binti maneno hayo, na macho yake yalikuwa kwangu.

"Nilifundishwa bombani, mwalimu," binti alisema. "Kwenye foleni ya maji, tangu niko mdogo. Hapa shuleni nilikuja kutafuta ya kuwajibu."

Nilichukua kitabu mezani kwa kundi lile, nikaenda mpaka dawati la nyuma, nikamwekea mkuu mbele yake kikiwa wazi, nikamwambia aya inayofuata ni zamu yake kusoma.